Gitaa la Equator lilikuwa safi, karatasi ilikuwa mbovu

Jumamosi ya gulio hapa Tengeru, spika ya wauza mitumba ilipiga "Malaika" mara tatu kabla ya saa sita mchana, na vijana wakaanza ubishi uleule: nani kaimba vizuri zaidi. Kosa la wimbo ule halikufanyika kwenye maikrofoni. Lilifanyika mezani.

Mnaujua mlolongo. Fadhili William na Jambo Boys waliurekodi 1960, kisha akaurudia Equator Sound, studio ya Charles Worrod jijini Nairobi. Kwa upigaji sina neno: Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, watu wa bendi ya studio ile, walijua kuishika twisti bila kompyuta ya kuwafichia makosa, kama inavyowafichia hawa wa leo.

Lakini mtunzi akaandikwa mmoja, Fadhili William. Hapo nagoma. Adam Salim, Mtanzania mwenzetu, alidai aliutunga akiwa Nakuru kati ya 1945 na 1946, kwa ajili ya binti ambaye alishindwa kumwoa. Grant Charo naye anatajwa. Sihukumu nani mkweli. Ila mwenye studio akiletewa wimbo, swali la kwanza, kabla tepu haijazunguka, ni: huu umeutoa wapi? Jibu likiyumba, fungu la mtunzi linawekwa kando, halafu watu wanapiga. Kuliweka kando hakuharibu hata noti moja! Baadaye Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. wakaurekodi 1981, hoteli za watalii Arusha zinaupiga kila jioni. Hela ya utunzi hufuata jina lililo kwenye karatasi.

Hata wakubwa wa soul waliteleza hapohapo. Jim Stewart wa lebo ya Stax, kule Memphis, alisaini mkataba wa usambazaji na kampuni ya rekodi ya Atlantic 1965 bila kuusoma sawasawa. 1968 akagundua kuwa rekodi zote walizomsambazia, za Otis Redding zikiwemo, si mali yake.

Juzi nilikaa katika studio moja ya chumba kimoja, vijana watatu wanaingiza sauti. Nikauliza kiitikio katunga nani. Prodyuza akasema wataelewana wimbo ukishatoka. Nikaomba kalamu, na maikrofoni ikazimwa mpaka majina yote matatu yalipoandikwa.