Kabla ya Bisibisi

Fundi hodari wa kompyuta mpakato mjini Kisangani utamtambua kwa jinsi anavyochelewa kushika bisibisi. Mashine imeletwa haiwaki, mwenyewe kasimama kando na wasiwasi wake, naye fundi anauliza tu.

"Mama, ilizimika umeme ulipokatika au uliporudi?"

"Uliporudi, Papa."

Jibu hilo ni nusu ya kazi. Umeme unapokatika, betri huipokea mashine bila kishindo. Hatari iko pale unaporudi, volti zikipanda ghafla, na wa kwanza kuumia huwa chaja. Wakazi wa hapa wanalijua jambo hili vizuri, maana mji unategemea kituo cha umeme cha mto Tshopo, kilichojengwa enzi za Wabelgiji, na giza la jioni limezoeleka mitaa ya Makiso kama ya Mangobo. Kwa hiyo fundi anapima chaja kwanza. Imeandikwa volti 19; mita ikisoma sifuri, mashine yenyewe huenda ni nzima na haina haja ya kufunguliwa. Ikisoma 19, anachomoa chaja, anatoa betri kama ni ya kutoka, kisha anashikilia kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki kwenye ubao iishe. Anarudisha chaja peke yake na kuwasha. Mashine nyingi zilizodhaniwa zimekufa huamka hapo hapo, na hatua hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya mezani kwake nyumbani, bila kifaa chochote.

Mpango huu ndio ninaoupenda katika kazi hii: kutoka nje kwenda ndani, kutoka kisichogharimu kitu kwenda cha gharama, na kila hatua ijibu swali moja tu. Anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja hatajua kipi kimeponya.

Ikibidi kufungua, mikono nayo ina adabu yake. Fundi anachora umbo la mashine kwenye kipande cha katoni, na kila skrubu anayoitoa anaichomeka pale pale ilipotoka kwenye mchoro. Hilo lina sababu. Skrubu hazilingani urefu, na ile ndefu ikikazwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa ubao au kuusukuma mpaka uvunjike. Kifuniko anakibandua kwa kadi ya plastiki, maana chuma hukwaruza na kukata nyaya.

Tatizo ninalotamani kila mwenye kompyuta alijue ni la joto. Mashine inawaka vizuri, inafanya kazi dakika kumi, feni inapiga kelele, halafu inazimika yenyewe. Watu husema virusi. Kumbe prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujizima ili isiungue. Kisangani iko kilomita zisizofika 60 kutoka mstari wa Ikweta. Hewa ina unyevu mwaka mzima, vumbi la barabara linaingia na unyevu unaligandisha. Ukiitoa feni, angalia nyuma yake, pale inapopulizia kwenye mapezi membamba ya shaba: vumbi limeshikana likawa utando mmoja unaoweza kuutoa mzima kwa kibanio. Upande wa nje tundu linaonekana safi, na ndiyo maana wengi hupiga brashi huko bila kufanikiwa. Unapopuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole, kwani yakizungushwa kwa nguvu huharibu mhimili. Kisha futa pasta kuukuu iliyokauka juu ya prosesa kwa spiriti, mpaka uso ung'ae, uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Ukizidisha, joto halipiti vizuri zaidi, unachafua tu.

Mashine inayolia milio bila kuonyesha kitu kwenye skrini mara nyingi ina kijiti cha RAM chenye meno yaliyofifia kwa unyevu. Gomu ya mwanafunzi inatosha: sugua taratibu meno yale ya rangi ya dhahabu, pangusa mabaki, rudisha mpaka usikie mlio wa vishikio. Kibodi ni habari nyingine. Za kutoka Kampala huja na mpangilio wa Kiingereza, wakati vidole vya Kisangani vimezoea AZERTY, kwa hiyo inafaa kuisafisha ya zamani kabla ya kuagiza.

Malighafi za mashine hizi zinatoka hapa hapa: nchi hii ya Kongo inachimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na Kivu Kaskazini hutoa koltani ya Rubaya na bati la Bisie. Kobalti iko ndani ya betri, tantali ya koltani kwenye ubao, bati kwenye lehemu. Madini yanaondoka kama mawe na kurudi kama mashine iliyotumika, kwa bei ambayo familia nyingi huikusanya kwa miezi. Kuirefushia maisha ni kazi ya heshima kubwa, nami sijui kwa nini inasifiwa kidogo hivi.

Betri iliyovimba, hata hivyo, fundi wa kweli haichezei. Haitoboi, haikandamizi irudi bapa, haichaji ajaribu bahati. Anaitoa, anaiweka nje mbali na vinavyoungua, na mashine anaiendesha kwa chaja peke yake mpaka betri nyingine ipatikane. Na chaja iliyokufa haifungui ovyo, kwa sababu ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani.