Oda Moja Ibaki Moja

Mfumo wa oda za mtandaoni usiupime Dar es Salaam. Upeleke Same, upande nao milimani hadi Mamba Miamba kwa wakulima wa tangawizi, kisha ubonyeze "Lipa" mahali ambapo simu inashika mnara kwa kubembeleza. Jibu likichelewa, bonyeza tena. Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Mfumo mzuri huipa oda namba yake kabla pesa haijakatwa. Ombi la pili likija na namba ileile hupewa jibu la lile la kwanza, basi. Fundi wa kubahatisha hutazama namba ya simu na kiasi. Akiona vinafanana, anafuta oda moja. Mfanyabiashara aliyeagiza gunia asubuhi, akaongeza jingine mchana, anapokea moja. Siku ya kuonyeshwa mfumo hutaliona kosa hilo.

Wingi wa seva haunishtui. Mimi hutazama foleni. Huko huko Same, kijijini Bangalala, ndiva, yaani bwawa dogo la umwagiliaji, hukusanya maji ya mto usiku, mchana yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Foleni ya oda nayo ipokee upesi, igawe kwa kasi wanayoimudu wafungashaji. Ila muulize fundi: oda kongwe kuliko zote ina dakika ngapi humo? Akikutajia idadi tu, hajui mfumo wake. Oda 1,000 zinazosogea hazinitishi. Moja iliyokwama tangu alfajiri ni mtu aliyekwisha kulipa.

Amazon, katika andiko lao la 2007 kuhusu Dynamo, hifadhi yao ya data, walichagua kikapu kisichokataa bidhaa kamwe, hata ikibidi kitu kilichofutwa kijirudishe. Kwa kikapu, nakubali. Mteja atakiondoa tena. Kwa gunia la mwisho stoo, hapana. Seva mbili zikiliuza kwa wakati mmoja, kuna mtu atapigiwa simu ya kuombwa radhi.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la kikatili kidogo. Zima seva ya malipo oda ikiwa katikati, iwashe baada ya nusu saa, usimguse mtu wala kitu. Kisha fungua kumbukumbu. Kila oda iwe imelipwa na mzigo wake umepangiwa basi, au pesa imerudi kwa mwenyewe bila yeye kupiga simu. Ukikuta hata moja imeandikwa "inashughulikiwa" na hakuna anayeishughulikia, usiununue mfumo huo.