Familia bila nyumba
Wenzangu, tukikutana tunapenda kusema: nyumba ya wazee ni mambo ya Ulaya, sisi tuko na familia. Mimi sikubali tena. Neno lile lilifaa wakati mzee alikaa kwenye shamba yake na watoto wakamzunguka. Tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, wazee wengi wamekimbilia Kalunguta na Butembo. Huko mzee analala kwa saloni ya mtoto mwenye kupanga (wajukuu wakisinzia ndipo anyooshe miguu), na mwenye nyumba anadai garanti ya dola. Mwalimu wa miaka 70 bado anashika chaki, sababu akiacha hatapata ya kulipa hata chumba. Parokia ziko na viwanja. Tofali tunachoma wenyewe.