Punje za Fedha

Ukikitazama kidani cha fedha cha Yemen upesi utaona mapambo tu. Kisogeze karibu na jicho, utaona punje: vijitufe vidogo kuliko mbegu za ufuta, safu kwa safu, kila kimoja kimeshika mahali pake.

Sonara wa Kiyahudi wa Sana'a hakuzichonga punje hizo. Alianza na sarafu ya fedha, riale ya Maria Theresa, ileile iliyozunguka sokoni Zanzibar. Aliiyeyusha, akaifua iwe ufito, akauvuta kwenye matundu ya bamba la chuma, kutoka tundu pana hadi jembamba, mpaka ukawa uzi. Uzi aliukata vipande, akavitawanya ndani ya unga wa makaa, akavitia moto. Fedha ikiyeyuka hujiviringa yenyewe. Unga huzizuia punje zisishikane. Hapo kazi ni ya moto. Ya mtu huja baadaye, nayo ndiyo ninayoistaajabia: kuzibandika. Lehemu ni fedha iliyochanganywa na shaba ili iwahi kuyeyuka, ikakwanguliwa kwa tupa mpaka ikawa unga. Fundi hupuliza mwali kwa mrija huku akiangalia rangi. Pumzi ikizidi kidogo, punje na nyuzi zilizosokotwa kando yake huwa bonge moja, na kazi yote imekwenda. Kipimajoto hakipo; lipo jicho, na kipo kifua.

Mwaka 1679 Imamu wa Yemen aliwafukuza Wayahudi hadi Mawza, kwenye joto la pwani ya Tihama, na wengi wakafa. Haukupita muda mrefu wakarudishwa, maana mafundi walikosekana. Nyumba zao hawakurejeshewa. Wakajenga mtaa nje ya ukuta wa Sana'a. Waosmani walipoutwaa mji mwaka 1872 waliwakuta huko, wenye kulipa kodi ya jizya na kufua fedha. Kuvaa jambia Myahudi alikatazwa, ilhali ala ya jambia la mkubwa ilipambwa naye. Nadhani wapo waliocheka chinichini.

Koo za Badihi na Bawsani zilisifika kwa kazi hii. Mafundi wengine walihamia Jerusalem, chini ya dola hiyohiyo ya Waosmani, na baadhi yao wakaajiriwa na shule ya sanaa ya Bezalel, iliyofunguliwa mwaka 1906. Huko michoro ilitoka kwa walimu wa Kizungu, nyuzi zikawa za mafundi wa Yemen. Kazi za Bezalel ni nzuri, sikatai. Mimi hukipenda zaidi kidani cha Sana'a, ambacho aliyekiwaza ndiye aliyeupuliza moto.