Taharuki na Dubwana: Uhakiki wa Filamu ya Primeval kwa Kuzingatia Masimulizi ya Rusizi

Januari 2007 ilitolewa nchini Marekani filamu iitwayo Primeval, iliyoongozwa na Michael Katleman. Matangazo yaliyoitangulia yaliwaahidi watazamaji kisa cha kweli cha muuaji aliyeua watu wengi kuliko wauaji wote wanaojulikana, naye hajakamatwa. Hayakusema kwamba muuaji huyo ni mamba. Makala haya yanachunguza ahadi hiyo: jinsi ilivyojengwa, hadhira iliyokusudiwa, na athari yake kwa maudhui ya filamu yenyewe.

Mamba anayehusika ni yule aitwaye Gustave, jina alilopewa na Mfaransa Patrice Faye, aliyemfuatilia kwa miaka mingi nchini Burundi. Eneo lake ni Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Bujumbura. Mwaka 2004 ilionyeshwa filamu ya hali halisi juu ya jaribio la Faye na wenzake la kumnasa kwa tundu kubwa la chuma, mamba hakuingia. Hajapata kupimwa. Urefu wa mita 6 na idadi ya watu 300 ambazo hutajwa mara kwa mara ni makadirio na masimulizi, si vipimo. Mwaka 2019 iliandikwa kwamba ameuawa, lakini habari hiyo haikuthibitishwa. Hivyo basi, hata kabla ya kuingia katika sinema, Gustave alikuwa mhusika wa masimulizi kwa kadiri ileile aliyokuwa mnyama wa majini.

Taharuki si mbinu ngeni katika sanaa ya madubwana. Katika Jaws (1975) ya Steven Spielberg, filamu ambayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizoanzisha desturi ya kutangaza filamu kubwa kwa kishindo katika televisheni kabla ya kutolewa, papa hucheleweshwa sana kuonekana. Hata hivyo bango lake lilimwonyesha papa waziwazi. Mtazamaji alijua nini kinakuja, hakujua lini.

Fasihi simulizi ya Kiswahili inaifahamu mbinu hiyo tangu zamani. Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales (1870), mwana mdogo wa sultani huenda kumtafuta nunda mla watu. Kila amwuapo mnyama, kuanzia mbwa hadi tembo, humletea mama yake kwa wimbo, na mama humjibu kuwa siye. Hadhira hungojea, tena hungojea kwa furaha, kwa sababu kila mnyama ni mkubwa kuliko aliyetangulia, na jina la anayetafutwa limekwisha tajwa. Fanani huchelewesha bila kudanganya.

Inafaa basi kutofautisha taharuki ya wakati na taharuki ya kitu. Ya kwanza huficha saa ya dubwana kutokea. Ya pili huficha dubwana lenyewe. Matangazo ya Primeval yaliegemea ya pili, na udhaifu wake ni kwamba humalizika mara tu siri inapofichuka. Mtazamaji aliyeandaliwa kumngojea mtu mwovu hukutana na mnyama, naye huona amepunjwa hata kama mnyama huyo anatisha.

Aidha, siri hiyo ni siri kwa watu fulani tu. Kwa mvuvi wa Kalundu, au kwa mama afuaye nguo ufukoni Kavimvira, kuwapo kwa mamba si jambo la kufichuliwa. Taharuki yake ni ya wakati na mahali: ni saa ngapi, ni kwenye matete yapi. Tangazo lililoficha mamba lilikwisha mweka kando mtazamaji huyo. Muundo wa filamu unathibitisha hilo. Kisa huanza pale mtaalamu wa kigeni anayechunguza kaburi la halaiki anapouawa. Ndipo kituo cha televisheni cha Marekani kinapoona kuna habari. Wenyeji waliokufa kabla yake wamebaki kuwa idadi.

Suala zito zaidi ni la chanzo: nani alimlea dubwana? Ngano ya nunda inalijibu bila kusita. Nunda alikuwa paka wa sultani. Alipokula ndama, sultani alitetea kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Watu walipolalamika hakuwasikiliza, mpaka mnyama alipowala wanawe mwenyewe. Hatia ni ya mwenye mamlaka, na ngano yote imejengwa juu ya hatia hiyo.

Filamu nayo inakaribia swali hili. Inagusia vita vya Burundi, vilivyoanza mwaka 1993, na maelezo yanayosikika kuhusu maiti zilizotupwa mtoni. Lakini kiongozi wa wapiganaji amepewa jina la Gustave Mdogo. Kwa jina hilo mtu anafananishwa na mamba, na vita vinageuka kuwa tabia ya mahali, kama vile meno yalivyo tabia ya mamba. Ngano humtoa mnyama katika tendo la mtu. Filamu humrudisha mtu katika unyama. Tofauti hii si ya fani tu. Mtazamaji wa ngano huondoka akijua nani wa kuulizwa. Mtazamaji wa filamu huondoka akiwa ameogopa mto.

Yaweza kujibiwa kwamba filamu ya kutisha ina kanuni zake, na kwamba Primeval, kwa kuweka kaburi la halaiki mwanzoni mwa kisa, ilithubutu zaidi ya filamu nyingi za aina yake. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo aliyeligusa kaburi hilo amejitwisha swali la waliolichimba, na swali hilo filamu imemwachia mamba alimeze.

Kazi inabaki kwa watafiti wa fasihi simulizi. Visa vya mamba wa pwani ya kaskazini ya Tanganyika, vinavyosimuliwa kwa Kiswahili, Kivira, Kifuliiru na Kibembe, vinastahili kukusanywa pamoja na majina ya mahali na mazingira ya usimulizi wake. Ndipo itakapowezekana kumlinganisha Gustave wa sinema na mamba wa wasimulizi walio jirani naye, badala ya kumlinganisha na papa wa Spielberg peke yake.