Katani Iliyosimama Wima: Siri ya Ubao wa Vishale

Ubao wa vishale unaotumika katika mashindano makubwa ya dunia si wa mti, wala si wa plastiki. Ni katani, yaani nyuzi za mkonge uleule uliotanda kuanzia Pangani hadi Korogwe mkoani Tanga, zilizokatwa vipande vifupi, zikasimamishwa wima na kubanwa kwa mkanda wa chuma. Michezo kadhaa ambayo kifaa chake kilikuwa cha mti tangu jadi leo inabishana kama mti uipishe bidhaa ya kiwandani. Katika vishale mti ulianza kuondoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kilichochukua nafasi yake kilitoka shambani.

Mchezo huu ulikulia katika baa za Uingereza, na ubao wake wa zamani ulikuwa kipande cha gogo, aghalabu la mti uitwao elmi. Gogo halikupasuliwa kwa urefu kama mbao za dari. Lilikatwa kwa kukingama, ili nyuzi za mti zimwelekee mchezaji kwa ncha zake na kishale kiingie kwa kufuata nyuzi badala ya kuzikata. Hata hivyo kila pigo liliacha tundu. Dawa ilikuwa maji: mchezo ukiisha, ubao ulilowekwa usiku kucha, mti ukavimba na matundu yakajifunga kiasi. Ubao uliosahauliwa ukutani ulikauka ukapasuka, na uliolowekwa mara kwa mara ulitoa harufu ya uvundo. Baadaye likaja pigo jingine: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa kuvu unaosambazwa na mbawakawa uliua mamilioni ya miti ya elmi nchini Uingereza. Kufikia wakati huo wachezaji wengi walikuwa wamekwisha kuhama.

Waliowahamisha ni Ted Leggatt na Frank Dabbs wa kampuni ya Nodor, iliyoanza kwa kutengeneza udongo wa kufinyangia usio na harufu. Walijaribu kwanza ubao wa udongo huohuo, nao haukuwavutia wachezaji. Walipogeukia nyuzi za mkonge walipata jambo ambalo elmi haikuweza kulitoa. Katika gogo, nyuzi zinamtazama mchezaji kwa ncha, lakini zimegandishwa pamoja na gundi ya asili ya mti, kwa hiyo ncha ya chuma haina njia ila kuuvunja mshikamano huo. Katika ubao wa katani mpangilio ni uleule, ila gundi imeondolewa. Kinachozishika nyuzi ni mbano tu. Kishale kinapoingia, nyuzi husogea pembeni. Kikichomolewa, mbano huzirudisha. Mengine yote katika utengenezaji wa ubao huu yanafuata kutoka hapo.

Kazi ya kuondoa gundi huanzia mashambani. Mkonge asili yake ni Mexico, na uliingia Tanganyika mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani aliyeagiza miche kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Jani la mkonge lina urefu wa mita moja au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji na nyama laini; nyuzi zenyewe ni kama asilimia 4 tu. Jani lililokatwa halisubiri, kwa kuwa likinyauka nyama yake hung'ang'ania nyuzi. Hupelekwa haraka kwenye korona, jina ambalo mashine ya Kijerumani iliuachia mtambo wa kuchakata mkonge na hata jengo linaloubeba. Humo jani husagwa na magurudumu yenye visu butu huku likimwagiwa maji, makapi yakienda upande mmoja na nyuzi, ziitwazo singa, zikitoka upande wa pili. Singa huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi, huchambuliwa kwa daraja na kufungwa marobota.

Mtengenezaji wa kamba hutazama kwanza urefu wa singa. Mtengenezaji wa ubao wa vishale hana haja kubwa ya urefu, maana atazikata fupifupi. Anachotaka ni unene unaolingana, ugumu wa wastani na, zaidi ya yote, usafi. Makapi yaliyobaki kwenye singa hukauka na kuzigandisha, yaani hurudisha ileile gundi iliyokuwa kasoro ya elmi. Tena hualika ukungu. Korona iliyolegea au maji yaliyopungua siku ya kuchakata hujitokeza miezi kadhaa baadaye kwenye ukuta wa klabu, katika ubao wenye mabaka magumu yanayorudisha vishale.

Kiwandani singa huchanwa hadi zilale sambamba, kisha huviringishwa kwa karatasi kuwa fungu refu la mviringo. Fungu hilo hukatwa vipande vinene kidogo kuliko unene wa mwisho wa ubao, na kila kipande ni kisahani cha maelfu ya nyuzi zilizosimama. Visahani hupangwa ndani ya duara na kubanwa pande zote kwa mashine ya haidroliki, hadi vipoteze umbo la mviringo na kushikana bila nafasi kati yao. Mkanda wa chuma hufungwa nje ukiwa umekaza, na mgongo wa duara hugandishwa kwa gundi kwenye bamba la mbao za kusaga. Gundi hubaki mgongoni tu. Huko nyuzi hushika mizizi, mbele hubaki huru, kama nywele za brashi. Uso husuguliwa kwa msasa hadi uwe laini, hupakwa rangi, kisha huwekwa nyaya zinazogawa ubao sehemu 20. Atakayetazama kwa karibu ubao mpya ambao haujapigwa anaweza kuona, chini ya rangi, mipaka hafifu ya visahani.

Kipimo kigumu zaidi kukipata ni mbano. Ukilegea, kishale kizito huinama na kuanguka kabla hakijahesabiwa. Ukizidi, ncha hupenya kidogo tu, huruka nyuma, na ikiingia kuchomoa kwake ni kazi. Kwenye ubao wa milimita 451, ambao mkanda wake wa alama mara mbili una upana wa milimita 8 tu, mchezaji aliyesimama mita 2.37 anastahili uso unaopokea kwa namna moja kila mahali. Ndiyo maana maboresho mengi ya miaka ya karibuni yamekwenda kwenye nyaya. Waya wa zamani wa mviringo, ulioshikiliwa na pini, uliwarudishia wachezaji vishale vizuri kwa bahati mbaya tu. Wa sasa ni mwembamba wenye makali kama kisu, na pini zimeondolewa. Katani yenyewe haikubadilishwa.

Kwa nini plastiki haikuishinda hapa, ilhali kwingine iliishinda vibaya? Tanga inaijua vizuri hadithi ya kwingine. Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani mwaka 1964. Kisha kamba za plastiki zikateka soko la kufungia nyasi na mazao kwa wakulima wa nchi tajiri, bei ikaanguka, na yakiongezwa matatizo ya uendeshaji wa mashamba, uzalishaji ulishuka hadi karibu tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika kamba, kinachotakiwa ni nguvu ya kuvuta, kutokuoza na bei ndogo, na plastiki inavyo vyote.

Ubao wa vishale unadai tabia nyingine. Plastiki ya kamba ikibanwa kwa muda mrefu hulegea taratibu na kuzoea umbo jipya, kwa hiyo mbano unaotegemewa kufunga matundu hupungua wenyewe. Uso wake una utelezi, kiasi kwamba rangi na gundi havishiki bila kutibiwa kwanza. Ukiupiga msasa kwa kasi, joto huulainisha. Uzi wa mkonge kwa upande wake ni kifungu cha seli nyingi zenye uwazi ndani, zenye ukuta mgumu na uso wa kukwaruza. Unabanika, unarudi, na unaikamata ncha kwa msuguano.

Plastiki iliingia vishale kwa mlango mwingine. Ubao wa kielektroniki una maelfu ya vitundu vilivyotobolewa tayari, na kishale chake kina ncha ya plastiki. Unahesabu alama wenyewe, hauchomi mtu kirahisi, na umependwa sana Marekani na Japani, ambako mchezaji husimama mita 2.44. Ni mchezo halali wenye mashindano yake. Lakini swali la tundu haukulijibu. Ulilikwepa kwa kuanza na matundu. Ncha zake hukatikia ndani, na kishale kinachogonga ukingo kati ya vitundu viwili huanguka hata kama kilirushwa sawasawa. Nao ubao wa bei rahisi wa karatasi iliyoviringishwa huchanika mapema, unafaa watoto.

Hali ni tofauti kwa mchezo wa jadi wa magongo wa Ayalandi, ambao gongo lake hukatwa chini kabisa ya shina la mti wa ashi, pale nyuzi zinapopinda kufuata mzizi. Ugonjwa wa kuvu ulithibitishwa katika miti hiyo nchini humo mwaka 2012, na sasa magongo ya plastiki na ya mianzi yanagombea nafasi. Huko kifaa hupiga na hutakiwa kudunda. Kwenye vishale hupokea na hutakiwa kunyamaza. Plastiki iliyotengenezwa vizuri inaweza kudunda. Kupokea kama katani bado.

Sifa ya kwamba ubao wa katani hujiponya hata hivyo hutiwa chumvi na wauzaji. Kila pigo hukata nyuzi chache, na kwa kuwa wachezaji wengi hulenga 20 ya mara tatu, eneo hilo huchakaa kabla ya mengine. Pwani huongeza adui wawili. Hewa yenye unyevu huingia kwenye nyuzi na kuzivimbisha. Kwa kuwa mkanda wa chuma hauruhusu kutanuka pembeni, uso huinuka katikati. Chumvi nayo hula waya na ncha, na ncha yenye kutu hukwaruza nyuzi kila inapochomolewa. Mazoea ya kuulowesha ubao, yaliyorithiwa kutoka enzi za elmi, ndiyo huuharibu kwa haraka kuliko yote: maji huvimbisha nyuzi moja kwa moja na kulegeza gundi ya mgongoni.

Kwa klabu ya Tanga, ukuta wa ndani usioelekea baharini ndio mahali pa kuutundika, kitovu kikiwa mita 1.73 kutoka sakafuni. Kishale huchomolewa kwa kukizungusha kidogo huku kikivutwa sawa na kilivyoingia, bila kukipinda. Ncha husuguliwa kidogo kwa msasa, si kunolewa, kwa sababu ncha kali mno hukata nyuzi badala ya kuzisogeza. Waya wa namba umetengenezwa utoke: ubao huzungushwa kila baada ya muda, vipande viwili kwa mara moja ili 20 ikae tena juu ya rangi nyeusi, na eneo lililochoka lipumzike chini ya namba isiyolengwa sana.