Vitanzi 2,520: kwa nini vitambaa vingine huisha na vingine hulala

Mvua za nyanda za juu za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kukatika Mei. Kuanzia Juni jembe linapumzika, na sindano za sweta zinatoka mvunguni. Kasulu na Kibondo ziko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Tanganyika kule Kigoma mjini liko kwenye mita 770 hivi. Tofauti hiyo unaisikia mwilini usiku wa Julai, ndiyo maana hata anayejua vitambaa vya makochi tu hufikiria kujaribu sweta.

Ukipita nyumba kwa nyumba utakuta kazi nyingi zilizoanzwa kuliko zilizokamilika. Kitambaa cha meza kimefika katikati, kimekunjwa na kuwekwa kwenye mfuko (zamani wa rambo, tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2019 wa kitambaa), na sindano bado imo. Mwenye nyumba atakwambia ni uvivu. Mimi sikubaliani naye. Mtu anayelima tangu alfajiri, akachota maji, akapika na kuogesha watoto, halafu akashika uzi kwa nusu saa, hawezi kuwa mvivu. Tatizo lake liko kwenye mpangilio wa kazi yenyewe.

Tuanze na kukatizwa, maana mfumaji wa nyumbani hukatizwa saa zote: mgeni kapiga hodi, mtoto kaamka, maharage yanaungua. Katika kroshia, kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kile kilichoning'inia kwenye ndoano. Vingine vyote nyuma yake vimeshafungwa. Ukiitwa, unavuta kitanzi hicho kirefu kidogo, unachomoa sindano na kwenda zako. Hata mtoto akiuvuta uzi, atafumua mstari mmoja au miwili, utairudia jioni. Sweta la sindano mbili halina huruma hiyo. Mgongo wa sweta la mtu mzima unaweza kuwa na vitanzi 90, na vyote 90 viko wazi kwa pamoja juu ya sindano moja. Sindano ikichomoka, vinaanza kushuka kimoja kimoja, na kuvikamata upya kwenye mwanga wa kibatari ni adhabu. Ndiyo sababu kroshia hufumwa mwaka mzima, hata kibarazani wakati wa masika, ilhali sweta husubiri kiangazi na usiku uliotulia. Vifaa navyo vinachangia. Spoku ya baiskeli iliyonolewa na kupindwa ncha inatosha kuwa sindano ya kroshia, na kwa baiskeli hatuna upungufu.

Lakini kukatizwa hakutoshi kueleza kwa nini kitambaa cha duara, kipenzi cha meza ya katikati, ndicho kinachoongoza kwa kulala mfukoni. Hapo inabidi tuhesabu.

Duara linalolala vizuri bila kujikunja wala kufanya mawimbi huanza, kwa vitanzi virefu, na vitanzi 12, kisha kila mzunguko huongezwa 12. Mzunguko wa kwanza una 12, wa pili 24, wa tatu 36. Ukifika wa ishirini una 240. Kwa uzi mwembamba, ambapo mzunguko mmoja unachukua kama milimita nane, mizunguko 20 inakupa kitambaa cha upana wa sentimita 32. Jumla ya vitanzi ni 2,520.

Sasa angalia mzunguko wa kumi. Ukikitandaza kitambaa mezani, jicho linakwambia umefika nusu, kwa kuwa kutoka katikati hadi ukingoni umetembea nusu ya njia. Vitanzi ulivyofuma ni 660, robo tu ya kazi na chembe kidogo. Nusu yenyewe, vitanzi 1,260, inapatikana mwisho wa mzunguko wa 14, wakati macho yanaamini kazi inakaribia kuisha. Na kasi imebadilika bila mfumaji kubadilika. Jioni ya kwanza alimaliza mizunguko sita au saba na akamwonyesha jirani. Wiki ya tatu jioni nzima inatoa mzunguko mmoja tu, kitambaa kinaonekana vilevile kama jana, na jirani hana cha kuonyeshwa. Mkono ni uleule, uzi ni uleule. Furaha imeondoka kwa sababu ushahidi wa kazi umeacha kuonekana.

Wafumaji wazoefu wana dawa yake: kitambaa cha maua. Chukua duara lilelile, lakini likomee mzunguko wa tatu. Hilo ni ua moja lenye vitanzi 72, upana karibu sentimita tano, kazi ya kikao kimoja. Fuma maua 35, yapange matano kwa saba, unapata kitambaa cha sentimita 24 kwa 34 hivi, kinachofunika nafasi ileile ya lile duara. Zidisha 72 kwa 35: vitanzi 2,520. Hakuna kitanzi kilichoongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni kwamba sasa kazi ina miisho 35. Kila jioni kuna kitu kimekamilika, kinawekwa kwenye kopo pamoja na wenzake, na ukimuuliza mtoto yamebaki mangapi, atakujibu.

Kuna gharama, na anayeificha anadanganya. Maua 35 yana ncha 70 za uzi za kufichwa. Hapa ndipo wageni wa kazi hukwama, wakiwa na kopo limejaa maua mazuri yenye mikia. Mzoefu anafanya mambo mawili. Kwanza, ncha ya mwanzo haikati wala haiiachi, anailaza juu ya pete ya katikati na kufumia juu yake, ikamezwa na mzunguko wa kwanza. Pili, hangoji maua yaishe ndipo ayaunge. Akiwa kwenye mzunguko wa mwisho wa ua jipya, akifika pembeni panapogusana na jirani, anachomoa sindano kwenye kitanzi chake, anaiingiza kwenye ukingo wa ua la jirani, anakidaka kitanzi na kukivuta, kisha anaendelea. Ua linazaliwa likiwa limeshaungwa. Kwa namna hiyo kitambaa kinakua mezani kipande kwa kipande, na kikiishia kwenye maua 24 bado kinafaa kuwekwa juu ya redio.

Sweta lina mwendo mwingine. Mgongo na kifua vinafumwa kwa mistari sawa, kwa hiyo maendeleo yanasomeka kwa rula, na ukifika kikwapani mistari inaanza kufupika, kasi inapanda yenyewe. Balaa ni mkono wa pili. Wa kwanza ukiisha mtu anahisi amemaliza sweta, na wa pili unakuwa deni. Suluhisho ni kufuma mikono yote miwili kwa pamoja kwenye sindano zilezile, kila mmoja na donge lake la uzi: mstari wa kulia, mstari wa kushoto, geuza. Inachosha kidogo nyuzi zinapozongana, lakini mikono inatoka urefu sawa, na hakuna wa pili wa kuuchukia. Tusijidanganye kuhusu fedha hapa. Sweta la mtumba sokoni litakuwa rahisi kuliko uzi peke yake, na sweta za shule zinatoka kwenye mashine. Anayefuma sweta kwa mkono Kibondo anafuma kwa ajili ya mtu anayemfahamu.

Kikapu cha kushonwa kwa mviringo, ambacho Warundi wanakiita agaseke, kimepita mtihani wote huu kwa njia yake. Tita la nyasi linazungushwa na kushonwa kwa sindano juu ya mzunguko uliopita, kila mshono umejifunga, hakuna kitanzi kilicho wazi hata kimoja. Kiweke chini mwezi mzima, utakikuta vilevile. Kitako kinafuata hesabu ya duara, kinazidi kuwa kizito kadiri kinavyopanuka, lakini ukuta ukianza kupanda kila mzunguko unalingana na uliotangulia. Kazi hii imeshafika mbali. Kampuni ya WomenCraft, yenye mizizi Ngara, imewaunganisha wafumaji wakiwemo wakimbizi wa Kirundi na masoko ya nje kupitia mpango wa MADE51 wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Kasulu na Kibondo vinafundisha ushonaji wa cherehani, na hilo lina mantiki yake, sare na magauni vinalipa. Hesabu ya kazi ya mkono imebaki kurithishwa barazani, na panapokosekana mtu wa kuirithisha, hasara inaonekana wakati wa kupanga bei. Mteja anatazama ukubwa. Akiomba duara la sentimita 40 badala ya 32, ataona ameongeza robo na atakuwa tayari kulipa robo zaidi. Mfumaji atakwenda mizunguko 25, vitanzi 3,900, zaidi ya nusu ya kazi ya awali juu yake. Anayejua hesabu hii humwambia, "Mama, kikubwa hicho namfumia mwanangu anayeolewa, wewe nikupe vidogo vitatu."